Mti wa Ukoo na Maradhi ya Figo



Nashukuru kwa kualikwa Karatu. Najua waliotoka Endulen na Nainokanoka wameondoka gizani ili wawahi, na waliotoka Mang'ola wameacha vitunguu shambani na kula vumbi njia nzima. Mtu aliyelipa gharama hiyo hastahili kupewa maneno matupu, kwa hiyo nitasema kusudi langu mapema.

Nimeombwa nizungumzie maradhi ya figo yanayorithiwa katika familia. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kipimo cha kwanza cha maradhi haya mnacho tayari nyumbani, nacho ni kumbukumbu ya ukoo. Humu ukumbini wamo wazee wanaoweza kutaja babu wa babu zao bila kukwama. Kumbukumbu hiyo huwa tunaitoa kabatini siku ya posa na siku ya kugawana shamba. Nataka tuipeleke na zahanati. Nitatoa hoja tano, na katika hoja ya mwisho nitawasahihisha wazee kidogo. Naomba radhi kabla ya kosa.

Hoja ya kwanza: figo huumwa kimya

Figo ni mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha kama lita 180 za majimaji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja au mbili, ndicho mkojo. Kwa kuwa akiba ya vichujio ni kubwa hivyo, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu akaendelea kulima, kuchunga na kucheza ngoma. Anapofika hospitali miguu imevimba, chakula hakipandi, ngozi inawasha na presha imepaa. Ndugu husema ameugua ghafla, kumbe ameumwa miaka kumi.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watu wazima wa mkoa wa jirani, Kilimanjaro. Watu 7 katika kila 100 walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, mjini 15 na vijijini 2. Lililonishtua zaidi ni jingine: karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Utafiti ule haukusema kwamba nusu hiyo wamerithi, nami sitasema. Lakini unatuonya sisi waganga: tukimwuliza mgonjwa habari za presha na sukari kisha tukafunga daftari, tumeacha swali moja bila kuliuliza. Swali lenyewe ni hili: nani mwingine kwenu aliugua hivi?

Hoja ya pili: ugonjwa una njia tatu za kuteremka

Karibu kila chembe ya mwili hubeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha. Elekezo moja tunaliita jeni. Karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kama hati mbili za shamba moja zilizowekwa nyumba mbili tofauti. Ugonjwa wa kurithi hutokea pale nakala inapokuwa na kosa la maandishi. Namna ya kuteremka hutegemea kama nakala nzima iliyobaki inatosha au haitoshi.

Njia ya kwanza ni pale ambapo nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa. Mfano mkubwa ni ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo. Vifuko huanza vidogo kama punje ya mtama, huongezeka mwaka hadi mwaka, na figo iliyokuwa ngumi huweza kufikia ukubwa wa kibuyu. Jeni mbili ndizo zinazohusika zaidi. Ile iitwayo PKD1, iliyo kwenye kromosomu ya 16, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, ilitambuliwa mwaka 1994. PKD2, kwenye kromosomu ya 4, mwaka 1996. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ni sawa na shilingi iliyorushwa juu: nusu kwa nusu. Na shilingi haina kumbukumbu. Kifungua mimba kuupata hakumwokoi wa pili, na watatu wa kwanza kupona hakumhukumu kitindamimba. Wavulana na wasichana huupata sawasawa. Wapo pia wachache wanaoupata bila mzazi yeyote kuwa nao, kwa sababu kosa la maandishi limeanzia kwao.

Njia ya pili huhitaji nakala zote mbili ziwe mbovu. Hapa baba na mama ni wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu asiyoijua, na kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Baadhi ya watoto wanaovimba mwili mzima miezi michache baada ya kuzaliwa, kwa sababu figo zao zinamwaga protini kwenye mkojo, wamepitia njia hii. Hata sikoseli hupita humo, nayo ni adui mkubwa wa figo.

Kwa njia hii ya pili tunao walimu wetu pale chini kreta. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, mainzi wanaouma waliwavamia simba wa Ngorongoro hadi wakabaki kama kumi tu. Waliongezeka tena upesi, na kufikia mwaka 1975 walikuwa wamerudi kati ya 75 na 125, lakini wote walitokana na wazazi wasiozidi kumi na watano. Mtafiti Craig Packer na wenzake walipowachunguza walikuta tofauti za vinasaba zimepungua, na mbegu za madume zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti. Nakala mbovu iliyojificha kwa babu ilikuwa inakutana na mwenzake kwa wajukuu. Simba hawana wazee wa kuwakataza kuoana. Wairaqw mnao, na Wamasai mnao. Sheria ya kutooa ndani ya ukoo ni kinga ambayo mababu walifikia bila darubini.

Njia ya tatu hupitia kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, mwanamume anayo moja. Ugonjwa wa Alport, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1927, mara nyingi hupita hapo. Kosa liko kwenye utengenezaji wa kolajeni, nyuzi zinazoshikilia kuta za vichujio. Kolajeni ya aina hiyohiyo imo sikioni na jichoni. Kwa hiyo mvulana hutoa damu kwenye mkojo isiyoonekana kwa macho, baadaye masikio yanapungua nguvu, na figo huweza kushindwa akiwa bado kijana. Mama yake, mwenye X moja nzima, mara nyingi huonekana mzima kwa miaka mingi, ingawa naye mkojo wake unaweza kuwa na damu na figo zake zahitaji kuangaliwa. Mkisikia nyumba ambayo wavulana wa upande wa mama wanaugua figo na wanasikia kwa taabu, kumbukeni njia hii.

Hoja ya tatu: kosa jingine lilianza kama ngao

Labda mtu anajiuliza: ikiwa nakala hizi zinaua, mbona hazijapotea? Jibu la sehemu moja lilipatikana hukuhuku Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya sikoseli analindwa dhidi ya malaria kali. Nakala moja ni ngao, nakala mbili ni maradhi.

Figo nazo zina hadithi ya namna hiyo, na mhusika wake mnamfahamu: ndorobo. Wazee wa hapa wanajua kwamba sehemu kubwa ya nchi hii isingelimika wala kuchungwa kama vichaka visingefyekwa kumwondoa inzi huyu, anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Malale haijawa historia tupu. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga zetu za kaskazini waliondoka nayo.

Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1, inayotoboa vijidudu vingi vya jamii ya malale vikafa. Kijidudu cha malale ya Afrika Mashariki kimejifunza kuishika protini hiyo na kuizima. Lakini baadhi ya Waafrika wana APOL1 iliyobadilika kidogo, na mojawapo ya mabadiliko hayo huiponyosha protini mikononi mwa kijidudu chetu cha mashariki. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba mabadiliko hayohayo, kwa mwenye nakala mbili, huongeza sana hatari ya figo kuharibika. Ndiyo sababu kubwa ya Wamarekani wenye asili ya Afrika Magharibi kuugua figo kupita wenzao. Utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria, uliochapishwa mwaka 2024, uliongeza kwamba hata nakala moja ina uzito wake: iliendana na ongezeko la asilimia 18 la uwezekano wa kuugua figo, na mbili asilimia 25.

Hapa nawaomba masikio yote mawili. Afrika Mashariki mabadiliko hayo ni machache kuliko Afrika Magharibi, na Ethiopia karibu hayaonekani. Kumbe neno "Mwafrika" halitoshi kuwa kipimo. Kati ya Ziwa Eyasi na Mbulu hukutana Wairaqw, Wahadzabe, Wadatoga, Wamasai na jamaa zetu wa Kibantu, watu wa lugha zenye asili nne tofauti. Jedwali la vinasaba lililotengenezwa kwa damu ya Wazungu, au hata ya Wayoruba, likiletwa Karatu litakuwa kama suti ya kuazima. Tunahitaji letu, na halitapatikana bila watu wa hapa kukubali kushiriki wakijua wanachokubali.

Hoja ya nne: mengine ya nyumbani hayatoki kwenye damu

Niwaonyeshe meno yangu kidogo. Mnaoketi mbele mmeyaona: yana madoa ya kahawia. Baba yangu alikuwa nayo, ndugu zangu wanayo. Mgeni akituona atasema ni jeni. Sivyo. Tulikunywa maji ya chemchemi moja, na miamba ya volkano ya mkoa huu huyapa maji floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Zipo chemchemi Arusha zinazopita hapo mara kadhaa. Ushahidi wake ulikuwa jikoni kwetu: mama aliolewa kutoka Songea akiwa na meno yaliyokwisha kukomaa, na yamebaki meupe mpaka leo. Watoto aliowazaa hapa tuna meno ya kahawia.

Kwa figo ni hivyohivyo. Nyumba moja hushiriki chumvi moja, presha moja isiyotibiwa, na kopo moja la dawa za maumivu linalozunguka kwa kila anayeumwa mgongo. Diklofenaki ikimezwa kila siku kwa miezi huumiza figo za baba na mtoto bila kuhitaji jeni yoyote. Kwa hiyo familia yenye wagonjwa wawili inatupa sababu ya kuuliza, na bado haijatupa jibu.

Kuna na jambo zito zaidi. Misiba ikifuatana katika nyumba moja, watu hutafuta mkono. Husemwa ni laana, au mke aliyekuja na mkosi. Kwa Wairaqw kuna metimani, kutengwa kwa nyumba iliyopatwa na baadhi ya misiba. Sikuja kuzihukumu desturi za watu. Wanaojua wanasema desturi ile ilikuwa na hekima yake ya kuzuia maambukizi. Nasema tu kwamba ugonjwa wa kurithi hauambukizi. Kula na mgonjwa, lala naye, mzike kwa heshima. Na anayeleta nakala mbovu anaweza kuwa baba kama anavyoweza kuwa mama, wala hakuna aliyeichagua.

Hoja ya tano: mti wa ukoo ni kipimo

Sasa naomba chaki. Nitachora familia ya kutunga, kwa hiyo msiangaliane. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki nampiga mstari.

Huyu hapa juu ni babu. Mwulize mwanawe, "Alikufa kwa nini?" Atasema presha. Chini yake watoto wanne. Mkubwa alianguka shambani akiwa na miaka 45, akashika kichwa, akafa siku hiyohiyo. Wengine wakasema kalogwa. Wa pili, duara hili, ana maumivu ya ubavuni miaka mingi, na mara mbili ameona damu kwenye mkojo; ameambiwa ni tumbo. Wa tatu na wa nne wazima. Mtoto wa huyu mama ana miaka 28, ni dereva wa watalii, na alipopimwa kwa ajili ya kazi presha yake ilikuwa juu; ameambiwa ni uchovu wa kazi.

Tazameni ubaoni. Ndugu wana majina manne: presha, uchawi, tumbo, na uchovu wa kazi. Ukipaka chaki rangi moja kwa wote wanne, wanapangana mstari kutoka babu hadi mjukuu. Ugonjwa wa vifuko vya maji hupandisha presha kabla figo hazijachoka, huuma ubavuni, hutoa damu, na kwa baadhi ya watu hudhoofisha mshipa wa ubongo unaoweza kupasuka ghafla. Mti huu umetuchukua dakika tatu na kipande cha chaki.

Baada ya mti vinafuata vipimo ambavyo havihitaji ndege. Kijiti cha mkojo kinachobadilika rangi kuonyesha protini na damu. Mashine ya presha. Kreatinini kwenye damu. Ultrasaundi: kijana wa miaka 15 hadi 39 ambaye mzazi wake anajulikana kuwa na ugonjwa, akionekana na vifuko vitatu au zaidi, jibu limepatikana. Akiwa hana kitu kabla ya miaka 40 aambiwe arudi, asiambiwe amepona. Watoto wadogo wasio na dalili wasikimbizwe kwenye mashine. Wapimwe presha na mkojo, na wakikua waamue wenyewe.

Mtu ataniuliza, "Daktari, nikijua itanisaidia nini, na dawa hakuna?" Dawa zipo. Losartani na enalapril, vidonge ambavyo si vya kifahari, hushusha presha na kupunguza protini inayovuja. Kwa ugonjwa wa Alport, dawa za kundi hilo zikianzwa mapema huchelewesha dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa miaka. Angalizo kwa akina mama: zisitumiwe katika ujauzito. Kwa wenye hatari kubwa zaidi zipo dawa mpya huko nje, na nyingine za APOL1 zinajaribiwa. Na kila mwaka unaoongezwa kabla ya dialisisi una thamani kwetu, maana dialisisi ni mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, na safari ya kuifuata kutoka Karatu ni ndefu. Pigeni hesabu ya nauli.

Mti una kazi nyingine. Tangu Novemba 2017 Muhimbili wanapandikiza figo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2018. Anayetoa figo ni ndugu aliye hai. Kama ugonjwa ni wa ukoo, ndugu anayejitolea kwa upendo anaweza kuwa na ugonjwa uleule ambao haujajitokeza. Tukimkata bila kuchunguza tumeunda wagonjwa wawili.

Sasa yale masahihisho niliyoahidi. Wazee wangu, nilisema kipimo mnacho. Mnayo nusu. Ukoo wetu huhesabiwa kwa baba. Ukimwomba mzee ataje mababu saba, anataja wanaume saba. Jeni hazijasikia habari za posa wala mahari. Nusu ya kila mmoja wetu ilikuja na mwanamke aliyetoka ukoo mwingine, tukampa jina la mama fulani, na ukoo wake tukauacha getini. Ule ugonjwa wa kromosomu X, unaopita kwa mama, mti wa mababu hauwezi kuuona kabisa. Ule wa nakala mbili hauonekani mpaka pande zote mbili zikae ubao mmoja. Bibi aliyeko jikoni, anayekumbuka kwamba kaka zake wawili walivimba miguu wakafa kabla hawajaoa, ndiye mwenye kipande kilichokosekana.

Kuhitimisha

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalize kwa mapendekezo ambayo tunaweza kuyaanza bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, kila zahanati iongeze swali moja kwenye daftari la mgonjwa wa presha aliye chini ya miaka 40: nani mwingine, upande wa baba na upande wa mama? Pili, walimu wa sayansi wawape wanafunzi zoezi la kuchora mti wa vitu visivyo na aibu, kama kukunja ulimi au umbo la sikio, ili vijana wajue uchoraji kabla hawajauhitaji. Tatu, siri. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu mwaka 2009, lakini sheria iko Dodoma na umbea uko kisimani. Mti wa familia ubaki kwa familia na mganga wao. Usitumike kumvunjia binti uchumba, wala kutafuta nani si mtoto wa nani. Tukilivunja hilo mara moja, hakuna bibi atakayetusimulia tena.

Na jioni ya leo, kabla simu hazijatolewa mifukoni, mkae na mkubwa wa nyumba mmwulize majina ya waliotangulia na walichougua. Akimaliza, msinyanyuke. Mwiteni na bibi, mpeni kiti, na mwandike upya.